Kabla ya Kisu, Baada ya Kisu: Nani Hupona Upasuaji wa Dharura wa Tumbo

Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliotibiwa kwa upasuaji baada ya utumbo wao kutobolewa na homa ya matumbo, ile ambayo mitaani huitwa taifodi. Wengi walikuwa watoto na vijana. Kazi ya mezani katika ugonjwa huu inajulikana: tumbo linafunguliwa, tundu linazibwa au kipande cha utumbo kinakatwa, uchafu unaoshwa, tumbo linafungwa. Hata hivyo 24 kati yao, yaani asilimia 23.1, walifariki.

Madaktari hao walipochambua mafaili kutafuta kilichowatenga waliopona na waliokufa, orodha waliyoipata ilianzia mbali na thieta. Wapo waliochelewa kufika. Wapo waliofika presha imeshaporomoka. Wapo waliokaa muda mrefu kabla ya kupasuliwa, wenye matundu mengi, waliokutwa na uchafu mwingi tumboni, na ambao kinga yao ilikuwa imedhoofishwa na VVU. Na wapo waliotoka mezani wakiwa hai, wakaja kuzidiwa wodini.

Upasuaji wenyewe huchukua saa mbili, tatu. Kinachoamua kama mgonjwa atarudi kwake ni saa zilizotangulia na siku zinazofuata. Humo ndimo ndugu, mganga wa zahanati, dereva wa gari la wagonjwa na nesi wa zamu ya usiku wana kazi kubwa kuliko wenyewe wanavyodhani.

Tumbo linapoharibika

Sababu za kupasuliwa tumbo kwa dharura zinajulikana na ni zilezile karibu kila hospitali ya Afrika Mashariki. Kidole tumbo ndicho kinachoongoza. Kisha kuna ngiri iliyonasa ikagoma kurudi, vidonda vya tumbo vilivyotoboka, taifodi iliyokula ukuta wa utumbo, utumbo mpana uliojisokota na mimba iliyotunga nje ya kizazi. Siku hizi pia kuna bandama na maini yaliyopasuka katika ajali za bodaboda.

Ukiacha majeraha na mimba iliyopasuka, ambako hatari ya kwanza ni kuvuja damu, magonjwa haya yakicheleweshwa huishia njia moja. Utumbo una vijidudu kwa mabilioni, lakini mtu akiwa mzima vimefungiwa ndani ya ukuta wake. Ukuta ukitoboka, au ukifa kwa kukosa damu, vinamwagika kwenye utando unaozunguka viungo vya tumbo. Utando huo unavimba na kuvuja majimaji; utumbo unasimama kufanya kazi na wenyewe unajaa maji. Maji hayo yote yametoka kwenye damu, kwa hiyo kinachobaki ndani ya mishipa hakitoshi. Moyo unakwenda mbio, presha inashuka, mkojo unapungua kisha unakatika. Vijidudu vikishaingia kwenye damu, mapafu na figo hufuata.

Mgonjwa wa namna hii ana dalili ambazo mtu asiye daktari anaweza kuziona. Mwenye mawe ya figo hugaagaa kitandani. Mwenye tumbo lililotoboka hulala tuli, magoti ameyakunja, anapumua juujuu, hataki kuguswa. Ukiweka kiganja, tumbo ni gumu kama ubao. Njiani kwenda hospitali, kila gari likivuka tuta analia. Hilo la tuta lilifanyiwa hata utafiti Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 katika jarida la BMJ: kati ya wagonjwa 34 waliopita kwenye matuta na baadaye wakathibitika kuwa na kidole tumbo, 33 walisema maumivu yaliongezeka gari lilipovuka tuta. Wapo pia walioumia kwenye tuta bila kuwa na ugonjwa huo, kwa hiyo tuta peke yake halithibitishi kitu. Lakini ndugu anayemweleza daktari jambo kama hilo anakuwa amemsaidia.

Kuchelewa hakuchagui maskini peke yake. Harry Houdini, mfanya mazingaombwe aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote Marekani, alipanda jukwaani Detroit tarehe 24 Oktoba 1926 akiwa na homa kali na maumivu ya tumbo ya siku kadhaa. Alimaliza onyesho ndipo akapelekwa hospitali. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alipasuliwa, akapasuliwa tena, na tarehe 31 akafariki akiwa na miaka 52. Viuavijasumu havikuwapo wakati huo. Leo vipo, lakini haviwezi kufanya kazi ya kisu pale usaha unapokuwa umeshajaa tumboni.

Safari ndefu ya kufika thieta

Kwetu safari huanzia duka la dawa. Mtu anaumwa tumbo usiku, asubuhi ananunua vidonge vya maumivu na vya minyoo. Siku ya pili anapewa dawa ya malaria au ya taifodi. Siku ya tatu anatapika, tumbo limejaa, hajapata choo, na mtu wa nyumbani anapendekeza dawa ya kuharisha, ambayo kwa utumbo ulioziba au kidole kilichovimba ni hatari. Ndipo anapelekwa zahanati. Zahanati haina thieta, inamwandikia rufaa. Kituo cha afya kina thieta lakini mtaalamu wa usingizi hayupo. Anafika hospitali ya wilaya au ya mkoa jioni ya siku ya nne, na huko nako kuna swali la damu, la dawa na la fedha.

Mwaka 2015 Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani iliweka kipimo rahisi: kila mtu awe ndani ya mwendo wa saa mbili kutoka hospitali inayoweza kufanya mambo matatu, yaani kufungua tumbo, kumzalisha mama kwa upasuaji na kutibu mfupa uliovunjika ukatoka nje. Hospitali inayoyaweza hayo matatu kwa kawaida inaweza na mengine mengi. Tume hiyo ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji salama kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu, na kwamba watu milioni 33 kila mwaka hutumbukia kwenye dhiki ya fedha kwa kulipia upasuaji na usingizi.

Madhara ya safari hiyo yalionekana kwenye hesabu iliyofanywa mwaka 2014. Mtandao wa madaktari na wanafunzi wa udaktari uitwao GlobalSurg ulifuatilia wagonjwa 10,745 waliopasuliwa tumbo kwa dharura katika hospitali 357 za nchi 58. Kwa jumla asilimia 5.4 walifariki ndani ya siku 30. Lakini jumla hiyo inaficha tofauti. Katika nchi zenye kiwango cha juu cha maendeleo walifariki asilimia 4.5, za kati 6.0, za chini 8.6. Ukiangalia saa 24 za kwanza peke yake pengo ni kubwa zaidi: asilimia 1.1 kwa 3.4. Watafiti waliposawazisha umri, ugonjwa na hali ya mgonjwa alivyofika, ilionekana kwamba mgonjwa wa nchi maskini anakaribia kuwa katika hatari ya kufa mara tatu ya mwenzake wa nchi tajiri.

Msomaji anaweza kuona asilimia 8.6 akasema mbona si nyingi, wakati Bugando ilikuwa 23. Tofauti ni kwamba GlobalSurg walihesabu dharura zote za tumbo, na sehemu kubwa ilikuwa kidole tumbo kilichowahiwa, ambacho huua mara chache. Wagonjwa wa Bugando wote walikuwa na utumbo uliotoboka. Ndiyo maana ni kosa kuilinganisha hospitali moja na nyingine kwa asilimia tupu bila kuuliza walipasuliwa nini na walifikaje.

Hata matajiri hufa

Hata nchi tajiri hazisalimiki, na Uingereza ilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi wa hospitali 35 uliohusu wagonjwa 1,853 waliofunguliwa tumbo kwa dharura, bila kuhesabu kidole tumbo cha kawaida. Asilimia 14.9 walikuwa wamefariki ndani ya siku 30. Kilichowashtua zaidi wenyewe ni tofauti kati ya hospitali na hospitali: iliyokuwa bora ilipoteza asilimia 3.6, ya mwisho 41.7. Wagonjwa wenye umri wa zaidi ya miaka 80 walikufa karibu mmoja kati ya wanne.

Baada ya hapo Uingereza na Wales zilianzisha ukaguzi wa kitaifa uitwao NELA. Tangu Desemba 2013 hospitali zinaandika kila mgonjwa: alipigwa picha ya CT saa ngapi, alipewa viuavijasumu saa ngapi, daktari bingwa alikuwapo au la, alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi au wodi ya kawaida. Matokeo yanatangazwa hadharani. Mwaka wa kwanza waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 11.8, miaka ya karibuni wameshuka chini ya 10. Hakuna kisu kipya kilichobuniwa katikati. Kilichobadilika ni saa na mahali pa kumlaza mgonjwa.

Wagonjwa wa huko wengi ni wazee wenye moyo mchovu na saratani. Wa kwetu ni vijana, na kwa vijana mtu angetegemea vifo vichache zaidi. Mambo yako kinyume.

Usiku wa wodini

Utafiti uitwao ASOS, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town na kuchapishwa mwaka 2018, ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Ulihusu upasuaji wa aina zote, na zaidi ya nusu ulikuwa wa dharura au wa haraka. Wastani wa umri ulikuwa miaka 38 na nusu. Hawakuwa wagonjwa wenye matatizo mengi baada ya upasuaji kuliko wa mabara mengine. Lakini asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia. Na katika kila vifo 100, karibu 95 vilitokea baada ya upasuaji, si mezani.

Maana yake ni kwamba tatizo linapojitokeza wodini, linachelewa kuonekana, au linaonekana na hakuna cha kulikabili. Utafiti huo ulikuta kwamba kwa kila watu 100,000 kulikuwa na mabingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi wasiofika hata mmoja: 0.7. Tume ya Lancet ilikuwa imesema wanahitajika angalau 20.

Chukua wodi ya upasuaji ya hospitali yoyote ya mkoa saa nane usiku. Vitanda vimejaa, wengine wako chini kwenye magodoro, nesi ni mmoja au wawili. Mgonjwa aliyetoka thieta jioni ana mrija puani, mpira wa mkojo, dripu mkononi na bandeji tumboni. Habari zote muhimu ziko hapo. Mfuko wa mkojo umeongezeka au umebaki palepale tangu saa mbili? Mrija wa puani unatoa maji ya kijani kiasi gani? Mapigo yalikuwa 90, sasa yamefika 130? Anapumua haraka? Amekuwa mtu wa kusemasema ovyo? Anayepima kila saa ataona mteremko tangu mwanzo. Anayepita mara moja usiku atamkuta asubuhi ameshafika bondeni.

Asubuhi daktari akipita na timu yake kuna swali litakaloulizwa kila kitanda, na wagonjwa wageni huona haya kulijibu: umeshatoa upepo? Si utani. Utumbo ulioshikwashikwa hulala kwa siku kadhaa, na upepo ni ishara kwamba umeamka. Usipoamka, tumbo likazidi kujaa na homa ikapanda siku ya nne au ya tano, huenda mshono wa ndani umeachia, na mgonjwa atarudi mezani.

Adui mwingine ni kidonda kuoza. GlobalSurg walirudi tena na wagonjwa 12,539 wa upasuaji wa tumbo katika nchi 66, safari hii wa dharura na wa kupangwa, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Katika nchi tajiri asilimia 9.4 walipata maambukizi ya kidonda. Katika nchi maskini 23.2. Na katika hao wa nchi maskini waliopimwa vijidudu, zaidi ya theluthi moja walikuwa na vijidudu vilivyokuwa vimeshazoea dawa ya kinga waliyopewa. Viuavijasumu vinavyonunuliwa kiholela mitaani vina mkono wao hapo.

Kinachosaidia na kisichosaidia

Ifakara, mji wa mpunga katika bonde la Kilombero, una nafasi yake katika historia ya upasuaji duniani. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya ukaguzi wa usalama katika upasuaji, orodha yenye vipengele 19, lilichagua hospitali nane za kuijaribia: za London, Seattle, Toronto, Auckland, New Delhi, Manila, Amman na Hospitali ya St. Francis ya Ifakara. Kazi ilianza Oktoba 2007 ikaisha Septemba 2008.

Orodha yenyewe haina teknolojia yoyote. Kabla ya usingizi mtu anasoma kwa sauti: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, kipimo cha oksijeni kimevishwa kidoleni? Kabla ya kukata, kila aliyemo anataja jina lake na kazi yake. Viuavijasumu vimetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Kabla ya mgonjwa kutoka, gozi na vifaa vinahesabiwa, na timu inataja cha kuangaliwa wodini. Katika hospitali hizo nane vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka 11 hadi 7. Lakini GlobalSurg walipoangalia miaka iliyofuata, walikuta nchi tajiri zinaitumia orodha karibu mara tisa kati ya kumi katika dharura za tumbo, na nchi maskini chini ya nusu. Karatasi ni bure. Kilichokosekana ni desturi.

Mfano mwingine umetoka Rwanda na nchi sita nyingine, miongoni mwao Ghana, Nigeria na India. Utafiti wa ChEETAh, uliochapishwa mwaka 2022, uliuliza swali dogo: je, kabla ya kufunga tumbo timu ikivaa glovu mpya na kuchukua vifaa vingine safi, kidonda kitapona vizuri zaidi? Baada ya wagonjwa zaidi ya 13,000 jibu lilikuwa ndiyo. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Mwaka mmoja kabla, utafiti mwingine katika nchi zinazoendelea ulikuwa umeonyesha kwamba nyuzi ghali zilizopakwa dawa ya kuua vijidudu hazikuleta nafuu yoyote ya ziada. Mhasibu wa hospitali anaweza kujua hapo fedha ziende wapi.

Si kila wazo jema limezaa. Waliofanya ASOS walirudi na jaribio la pili, lililochapishwa 2021, katika hospitali 332 za Afrika. Wagonjwa walio hatarini walilazwa karibu na meza ya manesi, walipimwa mara nyingi zaidi, na ndugu waliruhusiwa kukaa nao. Vifo havikupungua. Uingereza nako, mpango wa hatua 37 uliojaribiwa katika hospitali 93 kwa wafanyakazi waliokwisha kulemewa haukuokoa maisha zaidi. Kumwangalia mgonjwa kunafaa pale tu anayeonekana anazidiwa anapopata damu, oksijeni, daktari wa kumrudisha thieta na kitanda cha mahututi.

Kwa hiyo suala linarudi kwenye watu. Tanzania kwa miongo mingi imewategemea madaktari wasaidizi kufungua matumbo wilayani. Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, kimekuwa kikizalisha mabingwa kwa kuwafundishia kwenye hospitali zao wenyewe. Lakini bingwa wa upasuaji bila mtaalamu wa usingizi na bila manesi wa kutosha wa usiku hatabadilisha hesabu ya vifo peke yake.

Kwa anayeuguza

Maumivu ya tumbo yasiyoisha ndani ya saa sita, hasa yanayoongezeka, si ya kununuliwa dawa dukani. Tumbo gumu, kutapika kusikokoma, kukosa choo na upepo, ngiri iliyokuwa ikirudi sasa imegoma na inauma, mwanamke aliyekosa hedhi anayeumwa tumbo na kusikia kizunguzungu, mgonjwa wa taifodi ambaye tumbo limebadilika ghafla: hawa wote wapelekwe moja kwa moja hospitali yenye thieta, usiku huohuo. Asipewe dawa ya kuharisha. Asilishwe wala kunyweshwa akiwa njiani. Muda maumivu yalipoanza na dawa alizotumia, za hospitali na za kienyeji, viandikwe na kusemwa kama vilivyo. Ndugu wawili wajiandae kutoa damu.

Akishapasuliwa, asaidiwe kukaa, kupumua kwa kina na kutembea mapema kadiri daktari alivyoruhusu, kwa sababu kulala tu huleta nimonia na damu kuganda miguuni. Uji usubiri ruhusa. Mkojo ukikatika, pumzi zikiwa za haraka, akianza kuweweseka au mguu mmoja ukivimba, mwite nesi papo hapo, hata kama amekuja dakika kumi zilizopita. Nyumbani, kidonda kinachotoa usaha, homa, au tumbo linalojaa tena ndani ya mwezi wa kwanza ni sababu ya kurudi hospitali ileile iliyompasua bila kusubiri tarehe ya kliniki.